Robo ya Changarawe

Bernado alitia ncha ya mpira mdomoni, akavuta mara moja, akautoa kabla maji hayajafika kwenye ulimi, kisha akauelekeza ndooni. Maji ya rangi ya chai yakaanza kushuka. Mpira ule zamani ulikuwa wa dripu ya hospitali. Upande wake wa pili, uliozama ndani ya tangi la kioo, alikuwa ameufungia shingo ya chupa ya plastiki, mdomo mpana ukitazama chini. Kila alipoikandamiza shingo ile juu ya changarawe, vijiwe viliinuka ndani yake, vikazunguka kama punje kwenye ungo, kisha vikatua palepale vilipotoka. Uchafu, kwa kuwa ni mwepesi kuliko jiwe, ulipanda na maji ukaenda zake.

Hyasinta alimtazama kutoka mlango wa chumba cha kulala, fagio mkononi. Alikuwa mwalimu wa maarifa ya nyumbani katika shule moja ya sekondari mjini Musoma, na alikuwa tayari kukiri kwamba njia ile ilikuwa na akili. Kilichomuudhi kilikuja baadaye. Bernado alipofika kwenye alama ya mkaa aliyoichora juu ya kioo, aliubana mpira, akauinua, akaanza kuukunja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na huko kwingine?"

"Huko ni wiki ijayo. Robo kwa robo, Mama Clementi. Si nilikuambiaga?"

"Sijawahi kuona mtu anafagia robo ya chumba."

"Chumba hakina mtu anayeishi sakafuni," alisema Bernado, akabeba ndoo kwenda kumwagilia mchicha.

Alikuwa amemweleza, ni kweli. Alisema kwamba si uchafu wote ulio uchafu. Kwamba katika utelezi wa vijiwe vile kuna viumbe wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kula mkojo wa samaki. Kwamba ukiwaondoa wote kwa mkupuo, samaki watabaki wakiogelea chooni. Hyasinta alimsikiliza kama alivyowasikiliza wasichana wa kidato cha pili wakieleza kwa nini hawakupiga pasi sare zao. Maelezo yalikuwa mazuri. Ushahidi hakuuona.

Tena alikuwa na sababu ya kuwa na shaka. Tangu Bernado apunguzwe kazi, hilo la robo lilikuwa limeenea katika mambo yake yote. Hyasinta alikuwa amemjengea kioski cha mbao mbele ya nyumba yao ya Kigera, kwa kuwa sasa kila mtu aliruhusiwa kuuza chochote. Bernado alikifungua asubuhi, ikifika saa sita akakifunga. Alikuwa amemtafutia kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha minofu. Bernado alisema atalifikiria, na mpaka leo alikuwa akilifikiria. Alikuwa amemlimia matuta ya bamia. Bernado alipanda matuta mawili, mengine akayaachia majani. Hakuwa mvivu. Kila jambo alilifanya, ila kila jambo alilifanya kidogo, na baada ya hapo alirudi kukaa mbele ya tangi lile alilounganisha mwenyewe kwa fremu ya chuma na vioo vya madirisha mabovu.

Kabla ya hapo alikuwa mchambuzi wa samaki katika ofisi ya uvuvi tangu ujana wake. Nyavu zikirudi, yeye ndiye aliyemwaga, akatenga, akapima, akataja. Juu ya meza ile aliona furu wakipungua. Zamani samaki hao wadogo, wa kila rangi, walijaa ndoo kwa ndoo hata watu wakalishia kuku. Kisha sangara alienea ziwani na kuwala, na mwaka hadi mwaka ndoo ya furu ikawa bakuli, na bakuli likawa kiganja. Sangara huyohuyo ndiye aliyejenga viwanda na kuleta malori ya barafu mjini. Serikali ilipoanza kupunguza watumishi, meza ile ilipunguzwa, na mtu wake pamoja nayo.

Furu wa kwenye tangi walikuwa wawili tu, jike na dume. Bernado alikuwa amefuatana na wavuvi hadi kisiwa cha Rukuba, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, akarudi hivyohivyo. Safari nyingine akarudi na ndoo iliyofunikwa kwa kanga, akiishika kama mtu aliyebeba mayai. Dume alikuwa na mgongo mwekundu na ubavu wa buluu. Jike alikuwa na rangi ya vumbi. Kwa jinsi Bernado alivyojua, na katika jambo hilo alijua mengi, aina ile haikuwa imeonekana katika ghuba ya Musoma kwa miaka.

Halafu asubuhi moja jike aliamka na kidevu kimevimba.

"Amebeba," alisema Bernado, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mayai yake yako mdomoni. Hatakula mpaka watoto watoke. Hatafuni, hatemi. Anapumua kwa hesabu."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka yeye mwenyewe aseme basi."

Hyasinta aliinama kumtazama. Jike alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, mdomo umefungwa kama wa mtu aliyeamua kutojibu. Kwa mara ya kwanza tangi lile halikumkera.

*

Wiki hiyohiyo Bernado aliitwa Butiama. Dada yake Eufrasia, aliyeolewa huko, alikuwa anapokea wachumba wa bintiye, na kikao cha mahari hakiwezi kuanza mjomba akiwa hayupo. Alisafisha viatu, akavaa koti lake la kazini, akasimama mbele ya tangi kwa muda mrefu kuliko aliosimama mbele ya kioo cha kujitazamia.

"Chakula ni cha dume tu, unga wa dagaa, kidogo. Jike akikataa ndiyo vizuri. Ukimwona anakula kabla ya watoto kutoka, ujue ameyameza."

"Na changarawe?"

"Robo yake ni Jumamosi. Nikichelewa, iache tu."

Hyasinta alilisikia neno lile kama mke anavyosikia mume akisema usijisumbue.

Alikuwa mzaliwa wa Bunda, binti wa wakulima wa pamba, na mama yake alimlea katika desturi moja isiyo na mjadala: mwanamume akiwa safarini, nyumba huoshwa. Si kufagiwa, kuoshwa, hadi sufuria zing'ae juu ya kichanja na mtu azione toka barabarani. Mama yake alikuwa akisema mume anapaswa kupokewa na sufuria kabla hajapokewa na mke. Katika miaka ile ambayo sabuni ilipotea madukani, na kipande kimoja kilikatwa vidogo kama dawa, Hyasinta alijijengea jina kwa majivu. Alijua majivu ya mti gani yanang'arisha na ya mti gani yanakwaruza. Aliwafundisha wasichana kuyachuja, kupata maji yake makali, na kuyachemsha na mafuta ya pamba mpaka yakawa sabuni. Sasa sabuni zilikuwa zimerudi, za kila rangi na kila harufu. Hyasinta alizinunua kwa kufulia. Kitu kilichohitaji kung'aa kwelikweli, bado alikipeleka kwenye majivu.

Jumamosi ilipofika aliosha sakafu, akafua mapazia, akasugua sufuria. Kufikia mchana nyumba nzima ilikuwa imetakata, na katikati yake tangi lilikuwa limekaa kama mgeni aliyekuja na matope miguuni. Alilizunguka. Alitazama alama nne za mkaa kwenye kioo na akaona aibu, kama vile amekuta daftari la mwanafunzi lililojibiwa swali moja kati ya manne.

Alifanya kazi kwa uangalifu, kama alivyofanya kazi zote. Aliteka maji ya tangi kwenye karai, akawahamisha furu kwa kipande cha chandarua, jike wa kwanza, polepole, asije akashtuka na kutema. Alitoa changarawe zote, akazisugua kwa majivu na dodoki, kiganja baada ya kiganja. Bomba lilikuwa limekauka tangu juzi yake, maji ya kununua yalikuwa kwenye pipa moja tu, kwa hiyo alizisuuza kwa kubania maji. Akafuta vioo. Akarudisha vyote.

Na ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeweza kulikana hilo. Vijiwe alivyokuwa akivijua kwa rangi moja ya udongo vilikuwa vyeupe, vyekundu, vyeusi, kimoja kina mstari kama wa kalamu. Hyasinta alikaa kwenye kiti cha Bernado, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, akanywa chai yake akiangalia kazi ya mikono yake, na moyo wake ulikuwa umetulia tuli.

*

Jumapili, aliporudi kutoka misa, dume alikuwa ameelea, mgongo wake mwekundu ukiwa chini. Jike alikuwa kwenye kona ya juu, karibu na hewa, mashavu yakienda mbio.

Hyasinta hakupiga kelele. Alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akajiuliza swali ambalo angemwuliza mwanafunzi yeyote aliyeharibu pishi: umebadilisha nini? Maji yalikuwa yaleyale ya tangi. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni majivu.

Lakini hilo lilikuwa dhana, na dhana hakuipenda. Alichukua glasi mbili, akatia katika kila moja maji mekundu ya rozela aliyokuwa amechemsha kwa kunywa. Glasi ya kwanza aliiongezea maji ya pipa. Wekundu ulififia kidogo, ukawa zambarau. Glasi ya pili aliiongezea maji ya chini ya tangi, yanayogusa changarawe. Yakageuka kijani cha majani yaliyopikwa, rangi ileile aliyowaonyesha wasichana kila mwaka walipochuja maji makali ya kupikia sabuni.

Alizitazama glasi zile mbili bega kwa bega. Alikuwa amewalaza wale samaki ndani ya sabuni. Na hata majivu yakiondoka, wale viumbe wa Bernado waliokula mkojo wa samaki walikuwa wamekwishaondoka nayo.

Jike alikuwa bado amefunga mdomo.

Kilichofuata kilitakiwa kwenda polepole, na upole wa namna hiyo ulikuwa mgumu kwake kuliko kusugua. Alitoa changarawe kwa kikombe, bila kutibua. Aliyapunguza maji ya tangi kidogo, akaongeza ya pipa kidogo, akangoja, akarudia. Kisha akajitwika ndoo ya changarawe akashuka nayo ziwani, ambako maji hayapimwi kwa ndoo. Alizisuuza huko mpaka mkono ukaacha kuteleza. Halafu, akiwa bado na gauni la kanisani lililofungwa kiunoni, aliingia katikati ya mawe makubwa, akainama, akaanza kuchota vijiwe vichafu kuliko vyote alivyoweza kuviona: vya kijani, vyenye ute, vilivyonuka samaki na majani yaliyooza.

Dafroza, jirani yake aliyekaanga mapanki barabarani, yale mabaki ya vichwa na mifupa ya sangara kutoka viwandani, alimwona akipanda.

"Mwalimu, kwani kanisani leo mmegawiwa mawe?"

"Nimeyatoa ziwani."

Dafroza alichungulia ndooni, akarudisha kichwa nyuma. "Haya machafu hivi? Wewe ambaye ukija kwangu unafutaga kiti kwanza?"

"Nayataka machafu."

"Basi ungesema mapema. Kwangu yapo tele, na siuzi ghali." Akageuza panki kwenye karai la mafuta, kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Baba Clementi anajua?"

"Atajua akirudi."

"Kama mmoja kashakufa niletee. Mkubwa?"

"Kama kidole."

"Ah. Huyo hata paka atauliza mwenzake yuko wapi."

Hyasinta alicheka. Alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe, akaendelea kupanda.

Kufikia jioni, changarawe zikiwa zimerudi tangini pamoja na zile chafu, jike alikuwa ameshuka kutoka juu hadi katikati ya maji. Jumatatu, Hyasinta aliporudi kutoka shule, alimkuta nyuma ya jiwe lake. Sasa lilibaki swali moja, na njia ya kulijibu ilikuwa moja. Alichukua unga wa dagaa kidogo kwa ncha za vidole, akaunyunyiza. Chembe zilielea, zikalowa, zikaanza kuzama mbele ya mdomo wa jike. Hyasinta alishika ukingo wa meza. Maisha yake yote alikuwa amewapikia watu akitaka wale. Hakuwahi kusimama mbele ya kiumbe akiomba kikatae.

Jike alikigeukia chakula. Akakitazama. Akarudi nyuma ya jiwe.

*

Bernado alifika katikati ya wiki na paja la mbuzi na habari za ng'ombe waliokubaliwa. Sufuria zilimpokea kutoka kichanjani, zikiwaka jua. Hyasinta alimpokea mlangoni, na hakumwacha akae.

"Dume amekufa. Niliosha changarawe zote kwa majivu."

Bernado aliweka paja la mbuzi mezani. Alienda kwenye tangi, akapiga magoti. Kutoka nyuma Hyasinta aliona jinsi koti lile la kazini lilivyochakaa mabegani, na akajiuliza kwa nini hakuwahi kulitia kiraka.

"Zote?" aliuliza Bernado.

"Zote. Kisha nikazisuuza ziwani na kuchanganya na nyingine chafu. Maji nilibadilisha kidogo kidogo. Jike hajala. Namjaribu kila siku."

"Na dume umemtupa?"

"Yuko kwenye chupa ya spiriti, jikoni. Nilijua utataka kumpima."

Bernado aligeuka. Uso wake ulikuwa na huzuni, lakini chini ya huzuni ile palikuwa na kitu kingine, na Hyasinta, aliyeishi naye miaka mingi, alihitaji muda kukitambua. Ulikuwa uso wa mtu aliyeko kazini.

"Nilikosa kukueleza vizuri," alisema.

"Ulinieleza vizuri. Sikuamini."

"Na sasa?"

"Sasa nimeona rangi kwenye glasi."

Bernado alicheka, akakohoa, akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Mama Clementi, mimi nilikuoa, glasi sikuzijua." Akamwomba amwonyeshe. Hyasinta alichemsha rozela nyingine, na wakasimama jikoni wakitia maji haya na yale, ya pipa, ya mvua, ya tangi, mpaka nyama ya mbuzi ikakaribia kusahaulika. Safari hii glasi ya tangi na glasi ya pipa zilikuwa za rangi moja. Dume walimpima baadaye, na Bernado akamtazama kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga chupa.

Jumamosi Bernado alimkabidhi mpira. Hyasinta alivuta kwa nguvu mno akapata funda zima la maji ya changarawe; alitema ndooni, akasukutua, akavuta tena. Aliikandamiza shingo ya chupa, akaona vijiwe vikiinuka na kuanguka. Alipofika kwenye alama ya mkaa, ambayo Bernado alikuwa ameichora upya, mkono wake ulitaka kuendelea. Upande wa pili wa alama uchafu ulionekana waziwazi, umetanda, unamngoja. Aliubana mpira. Bernado alikuwa dirishani akisoma kipande cha gazeti, au akijifanya anasoma.

Siku za baada ya hapo zilikwenda bila kelele. Adhuhuri moja Hyasinta alirudi mapema kutoka shule, akakuta kioski kimefungwa kama kawaida, na matuta ya bamia yaliyobaki bado ni majani. Alipita. Ndani alimkuta Bernado mbele ya tangi, akamwuliza kama kuna chai. Ilikuwepo, Bernado akammiminia.

Asubuhi aliyoikumbuka baadaye ilianza kama nyingine. Alikuwa amekwishavaa kwa kwenda shule, mkoba begani, na alisimama mbele ya tangi kunyunyiza unga wa dagaa, kwa kuwa jaribio lile lilikuwa limegeuka mazoea. Chembe zilishuka. Jike akatoka nyuma ya jiwe, akafungua mdomo, akala.

Akala tena.

Hyasinta alikumbuka onyo la Bernado: akila kabla ya watoto kutoka, ujue ameyameza. Jike alikuwa amekonda, kidevu kimenywea, na alikuwa akila kama aliyerudi kutoka safari ndefu, akifuata kila chembe hadi chini. Alipofika chini, kitu kilisogea. Hyasinta aliweka mkoba sakafuni, akapiga magoti, paji la uso likagusa kioo. Katika robo ambayo zamu yake haikuwa imefika, penye utelezi mzito, changarawe zilikuwa na macho. Visamaki vidogo kuliko punje ya mchele, vyenye uti wa kivuli, vilikuwa vikidonoa ute wa kijani, vinaruka, vinarudi, vinadonoa tena. Jike alipopita juu yao, baadhi yao walimkimbilia mdomoni. Alisimama kidogo, akawaachilia, akaendelea kula.

"Baba Clementi."

"Naam," alijibu Bernado kutoka chumbani.

"Njoo. Polepole."

Alikuja pekupeku, shati halijafungwa vifungo. Alisimama nyuma yake, akainama, akaona alichokuwa akikiona mkewe. Huko nje Dafroza alikuwa akivunja kuni.

"Wangapi?" alinong'ona.

"Sijahesabu," alisema Hyasinta, akasogea upande mmoja ili naye apate mahali pa kupiga magoti.